Kuandaa mbio za hisani Lubumbashi kwa heshima ya mzazi anayepona kiharusi

Kabla ya kuandika barua yoyote, mwulize mzazi mwenyewe. Kiharusi, ambacho wengi mjini hukiita AVC, humwachia mtu mkono mzito na ulimi mgumu bila kumwondolea haya, na mzee aliyezoea kuheshimiwa mtaani huenda asipende picha yake ichapishwe kwenye fulana mia mbili. Akikubali jina akakataa picha, iwe hivyo.

Lengo la fedha liwe moja na lihesabike, kwa mfano kuwalipia wagonjwa kadhaa kinesiterapia, yaani mazoezi ya kurejesha viungo, ya miezi mitatu, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo ambayo viungo hurejea kwa kasi zaidi, na ndiyo ambayo hospitali huwa imekwisha kumaliza akiba ya nyumba. Michango ipokelewe kwa simu, katika namba moja inayosimamiwa na watu watatu.

Siku ya Kiharusi Duniani ni tarehe 29 Oktoba, lakini Oktoba ya Lubumbashi ina joto kali. Ningechagua Juni au Julai na kuanza saa moja asubuhi, ingawa baridi itawafanya watu walalamike. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinawataka waandaaji wa maandamano ya barabarani kuiarifu mamlaka kwa maandishi. Nanyi mwandikieni meya mapema, mpeleke nakala polisi na katika kila komini (sehemu ya mji yenye utawala wake) mtakayopita, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mzunguko wa kilomita 5 ndani ya komini moja hupunguza barua hizo.

Jambo ambalo nisingekubali lipunguzwe ni meza ya kupimia presha. Presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, nayo kwa kawaida haiumi, kwa hiyo wauguzi wampime kila anayejiandikisha, akiwa ameketi na kupumzika dakika 5. Mwenye 140/90 au zaidi aelekezwe kwa daktari siku zinazofuata, na siku hiyo atembee badala ya kukimbia. Anayefikia 180/120 hata baada ya kupimwa mara ya pili asishiriki kabisa, na akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana au udhaifu wa upande mmoja apelekwe hospitali papo hapo. Vijana watabisha, wasisikilizwe.

Mtangazaji arudie dalili kwa Kiswahili: uso kupinda, mkono kushindwa kuinuka, maneno kuvurugika. Aongeze kwamba saa ambayo dalili zilianza ikumbukwe, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Kiti cha mzazi kiwekwe kivulini kwenye mstari wa kumalizia. Akitaka kutembea mita 20 za mwisho na wajukuu, mtu mzima asimame upande wake dhaifu, na asiwepo wa kuuvuta mkono huo, maana bega lake huumia upesi. Kiti cha pili kiwe cha yule anayemgeuza kitandani usiku.