Kutoa vainili kwenye tisheti bila kuharibu tisheti yenyewe

Wakuu, wiki iliyopita dogo mmoja wa fremu ya jirani alinijia saa mbili usiku na tisheti 18 za sendofu, nyeusi, pamba tupu, kifuani kaandika kwa vainili, ile plastiki nyembamba inayokatwa herufi na kubandikwa kwa moto, REHMA badala ya REHEMA. Shughuli Jumamosi, hela ya kununua tisheti nyingine hana, na alikuwa ameshaanza kuikwangua moja kwa wembe. Nikamnyang'anya ule wembe. Tulikaa nazo mpaka saa saba usiku zikatoka zote, 16 safi kabisa na 2 zilitusumbua, nitazigusia mwishoni. Naandika hapa kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuharibu nguo ya mtu na iliniuma sana.

Hatua ya 1, hakikisha ni vainili kweli. Pitisha ukucha pembeni ya herufi, ukikwama kwenye ukingo kama wa stika ni vainili, endelea. Ukiteleza tu basi hiyo ni skrini, yaani imechapwa kwa wino, wino umeshazama kwenye nyuzi na hii njia haikuhusu. DTF, ile picha inayochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwa moto, nayo ina ukingo ila inatoka vipande vipande, itakula muda.

Hatua ya 2, moto. Gundi ya vainili inayeyuka kwa joto, joto ndo liliibandika na joto ndo litaibandua. Geuza tisheti ndani nje, tandika karatasi ya kuokea chini ya maandishi yasigande mezani, pasi kwenye alama ya pamba, mvuke zima, kandamiza sekunde 10 mpaka 15. Kwenye presi, ile mashine ya kubandikia kwa joto, mimi naweka nyuzi 160 za Selsiasi. Geuza haraka, kamata kona kwa kibano cha nyusi, vuta taratibu ukiilaza, usivute kwenda juu, ikikataa usilazimishe, irudishe kwenye moto. Jezi za polista anzia kama 130 na weka kitambaa katikati, maana polista ikizidiwa moto inabaki na mng'ao wa mraba ambao hautoki tena milele.

Kabla hujagusa dawa yoyote, chukua kipande cha vainili chakavu, kipresi juu ya gundi iliyobaki kisha kivute kikiwa bado cha moto. Kinaondoka na gundi nyingi sana. Huna vainili chakavu, tumia karatasi ya kaki, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 mifuko ya kaki ipo kila duka, weka juu ya gundi, pasi, gundi inahamia kwenye karatasi. Rudia na karatasi safi.

Hatua ya 3, gundi iliyobaki, na hapa naomba usome taratibu.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa tisheti ya kijani ya mteja. Nikamwaga asetoni, dawa ya kutolea kucha za bandia, juu ya gundi, nikashika mswaki nikasugua kwa nguvu zote. Gundi ikalegea ikawa kama bigijii, na kadiri nilivyosugua ndivyo ilivyosambaa, kutoka upana wa herufi mpaka upana wa sahani, ilipokauka ikabaki ukungu mweupe kifua kizima. Masaa manne nahangaika nayo. Kosa halikuwa dawa, kosa lilikuwa upande. Ukimwaga kwa juu unaisukuma gundi izame ndani ya nyuzi, wakati unachotaka ni itoke.

Kwa hiyo asetoni inaingilia kwa ndani. Geuza tisheti, upande wenye gundi uangalie chini, chini yake weka kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne. Dondoshea asetoni kwa mgongo wa tisheti, eneo la kiganja tu kwa wakati mmoja kwa sababu inakauka upesi mno, subiri kama nusu dakika, halafu pigapiga kwa pamba. Pigapiga, usisugue. Asetoni inapita inaishusha gundi kwenye kile kitambaa cheupe, ukikinyanyua utaona alama ya njano yenye kunata, hamisha sehemu safi, rudia. Baada ya raundi mbili tatu geuza tisheti, ivute kwa mikono miwili ili nyuzi zifunguke, ile gundi inajiviringisha kama uchafu wa kifutio, iondoe kwa ukingo wa kadi ya zamani. Ukiona inaanza kunata na kutanuka ujue asetoni imekauka, simama, ongeza, ndo uendelee.

Sasa tahadhari, na sitanii. Zima pasi, ichomoe na iweke mbali kabla hujafungua chupa, asetoni inashika moto haraka sana na mvuke wake unatembea, kwa hiyo hakuna jiko la mkaa karibu, hakuna sigara, madirisha wazi. Mimina kwenye glasi, vyombo vingine vya plastiki vinalainika. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani uone kama rangi inatoka. Pamba, polista na nailoni zinavumilia, ila kitambaa cha aseteti, kile cha bitana za suti na baadhi ya magauni ya kung'aa, kinayeyuka kabisa, usikiguse. Vifungo navyo viangalie. Na nunua asetoni tupu kwenye maduka ya vifaa vya saluni, ile wanayotolea kucha za bandia, sio zile chupa za rangi ya waridi za kufutia rangi ya kucha, nyingi zimetiwa mafuta na manukato, unatoa doa moja unaweka lingine.

Kuna watu watakwambia tumia petroli. Mimi siitumii na siruhusu mtu aitumie mezani kwangu, harufu haiishi, inaacha doa la mafuta, na hatari yake kila mtu anaijua.

Hatua ya 4, fua. Sabuni ya kuoshea vyombo kwanza pale palipokuwa na gundi, kisha ufuaji wa kawaida, anika. Usirudishe kwenye presi mpaka harufu ya asetoni iishe kabisa, inuse kwa karibu.

Zile 2 zilizosumbua dogo alikuwa amezipresi mara mbili kwa moto mkubwa akidhani zitashika zaidi, gundi ikazama, mchana ukizigeuza kwenye mwanga unaona mng'ao wa jina la zamani. Tulichofanya ni kuweka mstari wa maua chini ya REHEMA, mpana kuliko maandishi ya mwanzo, ukafunika. Kwa nguo iliyovaliwa muda mrefu juani utakutana na kitu kingine, pale palipofunikwa na vainili rangi inakuwa bado mpya na pembeni imepauka, hicho ni kivuli na hakuna dawa ya kukitoa, mwambie mteja mapema kabla hujaanza kazi na umpe mchoro mpana kidogo kuliko wa mwanzo.