Mashine Kongwe ya Boti Inapogoma: Kutafuta Hitilafu kwa Mpangilio

Mashine nyingi za kupachika zinazosukuma boti za wavuvi kutoka Deep Sea na Sahare hadi Kigombe, mkoani Tanga, bado ni za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Muundo wake ni mwepesi na hazina kompyuta, kwa hiyo mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuitafutia mashine yake hitilafu mwenyewe. Lakini wepesi huohuo humshawishi mtu kufungua kabureta kabla hajalitazama tangi, akalegeza skrubu ambazo hazikuwa na kosa lolote, na mwishowe fundi akaletewa mashine yenye hitilafu mbili badala ya moja. Mpangilio ninaoueleza hapa huanza na kisichohitaji spana na kuishia na kinacholazimu kufungua mashine, na katika kila hatua hubadilishwa jambo moja tu kabla ya kujaribu tena.

Kabla ya yote, gia iwe katikati na propela itolewe ikiwa mashine itawashwa nchi kavu ndani ya pipa. Pipa lijazwe maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hadi yapite juu ya pampu ya maji, kwa kuwa mashine haipaswi kuunguruma bila maji hata kwa sekunde chache.

Hatua ya 1: Jua mashine ilizima namna gani

Muulize nahodha aliyekuwa nayo, na usikubali jibu la "imekufa tu". Mashine iliyozima ghafla, kana kwamba mtu amebonyeza swichi, kwa kawaida ina hitilafu ya umeme. Iliyokohoa, ikapoteza nguvu taratibu na kuzima, mara nyingi imekosa mafuta. Iliyolegea ikiwa na joto kali, kisha kamba ya kuwashia ikawa nzito kuvutika, isiwashwe tena kabla ya kukagua mfumo wa maji na hali ya silinda.

Hatua ya 2: Fuata mafuta kutoka tangini

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi, kwa sababu hitilafu nyingi za mashine hizi huwa kati ya tangi na kabureta. Anza na mfuniko wa tangi: tundu lake la hewa likiwa limefungwa au limezibwa na chumvi, mashine huwaka vizuri, huenda kwa dakika kadhaa, kisha huzima kwa kuwa petroli haiwezi kutoka bila hewa kuingia. Kisha tazama pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya paipu. Mshale wake uelekee kwenye mashine, na ukiikamua inapaswa kuwa ngumu baada ya muda mfupi. Ikibaki laini, ama inavuta hewa kwenye maungio, ama vali zake za ndani zimechoka, ama petroli inavuja mahali fulani. Oringi ya kiungo kinachoingia kwenye mashine ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ikikatika huingiza hewa bila kuonyesha tone la petroli nje.

Mashine ikilegea baharini, mwambie mwenzako aikamue pampu ya mkono huku wewe ukishikilia usukani. Nguvu ikirudi kila anapokamua, shuku kiwambo cha pampu ya mafuta iliyo kwenye mashine, au hewa inayoingia kwenye paipu. Ukiikuta pampu ya mkono imenywea na kuwa bapa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi.

Baada ya hapo kagua mafuta yenyewe. Toa kiasi kidogo kutoka kwenye kikombe cha kabureta, ukitie katika chupa angavu na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mpaka wake utauona waziwazi. Petroli inayohamishwa kwa madumu ufukweni hupata maji kwa urahisi, na kusi inapoanza, mawimbi huvuruga takataka zilizokuwa zimetulia chini ya tangi msimu wote wa kaskazi.

Kuhusu mchanganyiko, fuata kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20, ilhali baadhi ya zile kongwe zaidi, pamoja na mashine mpya zinapozoeshwa, huhitaji 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita hizohizo. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Oili ya injini ya gari huacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Anayepunguza oili ili kubana matumizi ajue kwamba beringi na pistoni hazina oili nyingine isipokuwa hiyo iliyo ndani ya petroli. Na anayeizidisha akidhani anailinda mashine huchafua plagi, tena hupunguza kiasi cha petroli kinachopita kwenye jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopima petroli.

Hatua ya 3: Cheche

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Plagi nyeusi iliyolowa haichomi, au inapata mafuta kupita kiasi. Nyeupe iliyokauka inaashiria joto na upungufu wa mafuta. Na ile iliyo safi mno kuliko mwenzake, kana kwamba imeoshwa, huashiria maji yanayopenya silindani, mara nyingi kupitia gasketi ya kichwa.

Pangusa petroli yote iliyomwagika, rudisha kila plagi kwenye kofia yake, uigusishe kwa uthabiti kwenye chuma cha mashine mbali na tundu la silinda, kisha mwenzako avute kamba. Usivute kamba huku kofia ikining'inia bila plagi, kwa sababu mfumo wa CDI, yaani kifaa cha umeme kinachotengeneza cheche, unaweza kuharibika. Ikikosekana cheche katika silinda moja tu, badilishanisha plagi, kisha ukague kofia, waya na koili ya silinda hiyo. Ikikosekana kote, usikimbilie kununua CDI, kwani ni ya bei kubwa. Hakikisha kwanza kwamba kamba ya usalama imechomekwa, kisha chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Cheche ikirudi, mkosaji ni swichi hiyo iliyoliwa na chumvi. Kumbuka kwamba mashine ikiwaka katika hali hiyo haitazimwa kwa swichi. Itabidi uizime kwa kuvuta choki.

Hatua ya 4: Kompresheni

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na kipimo kinachofungwa kwenye tundu la plagi ndicho bora. Ondoa plagi zote huku kofia zimeunganishwa na chuma cha mashine, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, vuta kamba mara kadhaa na ulinganishe silinda. Tofauti inayozidi asilimia 10 hadi 15 baina yake inatosha kusimamisha kazi nyingine zote, kwa maana hakuna kabureta itakayotibu ringi za pistoni zilizokwama.

Hatua ya 5: Kabureta

Sasa unaweza kuigusa. Mashine inayotulia vizuri kwenye mwendo wa chini lakini inazima ukiongeza mafuta, au inayokimbia tu choki ikiwa imevutwa, ina jeti kuu iliyoziba. Inayokimbia vizuri lakini haikai kwenye mwendo wa chini ina njia ndogo za mafuta zilizoziba. Petroli ikirushwa nyuma kupitia mdomo wa kabureta, kagua vali za ulimi zilizo nyuma yake. Safisha jeti kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, si kwa waya, kwa kuwa waya hupanua tundu na kuharibu kipimo chake. Kabla ya kutoa skrubu ya marekebisho, ikaze polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uiandike, na uirudishe hivyohivyo.

Hatua ya 6: Maji ya kupoza

Maji yanayochuruzika nyuma ya mashine yanapaswa kutoka mfululizo na yawe ya uvuguvugu tu. Yakikatika, zima mashine, kisha ingiza kipande cha mshipi wa nailoni kwenye tundu lake, maana mara nyingi ni chumvi au mchanga tu. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, boti nyingi za huku hupita juu ya mchanga na tope, na mchanga huo hula mapezi ya impela, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu.

Yasiporudi, shusha sehemu ya chini baada ya kutenganisha fimbo ya gia, fungua nyumba ya pampu na uikague impela. Mapezi yaliyobaki yamejikunja hata baada ya kutolewa, au yenye nyufa, hayafai. Pezi lililokatika litafutwe hadi lipatikane, kwani likipanda litaziba njia ya maji huko juu. Unapofunga impela mpya, hakikisha pini yake iko mahali pake, paka maji ya sabuni, na uzungushe shafti kwa mwelekeo wa saa ukitazama kutoka juu huku ukishusha nyumba ya pampu, ili mapezi yalale upande unaofaa. Baada ya kila safari, mashine iungurume kwenye pipa la maji baridi kwa takribani dakika 10.

Hatua ya 7: Propela na gia

Injini ikipiga kelele na boti isisogee, chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi kwenye kiwiliwili chake, kisha jaribu tena. Mstari ukiachana, mpira wa ndani umeteleza. Katika mashine ndogo, kagua pini ya propela kwanza. Mwisho, legeza skrubu ya chini ya gia: oili nyeupe kama maziwa ina maji. Kabla ya kununua sili mpya, ile inayozuia maji yasiingie kwenye gia, toa propela uangalie shafti, kwa sababu huko ndiko mishipi na nyuzi za nyavu hujisokota na kuikata sili, na isipoondolewa yote, sili mpya nayo itakatwa.