Jinsi ya kupanga kikosi bora cha besiboli cha muda wote na kukitetea

Mabishano ya kikosi bora cha besiboli cha muda wote huwa yanaharibika mapema sababu kila mtu anakuja na majina na hakuna aliyekuja na sheria, huyu anataja homurani 714 za Babe Ruth (homurani ni mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja), yule anataja wapigaji ambao mrushaji Nolan Ryan aliwatoa kwa straiki (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji anaukosa au anauacha, zikifika tatu anatoka), mwisho wa siku hamuongelei kitu kimoja na mnaishia kupandishiana sauti. Mi hii mijadala niko nayo miaka mingi hapa Marekani, na wenzangu kazini ni watu waliokua na huu mchezo toka wadogo, kwahiyo ukienda kichwa kichwa wanakumaliza. Nakuwekea hapa navyofanya mwenyewe, fuata mpangilio usiruke.

Hatua ya 1: kubalianeni mnapima nini

Kabla ya jina lolote kutajwa, amueni: mnapima kilele cha mtu au kazi yake yote? Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Chukua Sandy Koufax, mrushaji wa timu ya Dodgers. Kuanzia 1962 mpaka 1966 aliongoza ligi yake (ligi kuu ya Marekani ina ligi mbili ndani yake) kwa ERA miaka mitano mfululizo (ERA ni wastani wa pointi anazofungwa mrushaji kwa kila iningi 9, yaani zamu 9 za kupiga, urefu wa mechi moja, ndogo ndo nzuri), 1965 akatoa wapigaji 382 kwa straiki, afu kiwiko kikamlazimisha kustaafu ana miaka 30. Walter Johnson yeye alishinda mechi 417, na 110 kati ya mechi alizorusha mwanzo mwisho wapinzani hawakupata hata pointi moja. Ukipima kazi nzima Koufax hamgusi Johnson, ukipima kilele mjadala uko wazi kabisa.

Mi napima kilele. Mechi ni kesho, kila mtu anakuja alivyokuwa kwenye mwaka wake bora.

Hatua ya 2: mlinganishe mtu na watu wa enzi yake

Hii ndo hatua yenyewe, ukiishika hii zingine zote zinakuja zenyewe. Namba ya 1920 na namba ya 2000 haziwekwi mezani pamoja hivihivi, mpira ulikuwa tofauti, viwanja tofauti, hata urefu wa tuta analosimama mrushaji ulikuwa tofauti.

Mfano ninaoupenda ni huu. Bob Gibson wa St. Louis mwaka 1968 alikuwa na ERA ya 1.12, na mechi 13 hakufungwa kabisa. Ukiisoma hiyo 1.12 peke yake unasema basi tumemaliza. Sasa angalia mwaka wenyewe: ligi yake nzima ilikuwa na wastani wa karibu 3, na kwenye ile ligi nyingine Carl Yastrzemski alikuwa bingwa wa kupiga kwa wastani wa 0.301 tu (yaani alipiga akafika besi karibu mara 3 kwa kila 10), yaani ndo aliyeongoza! Wapigaji walikuwa wanateseka nchi nzima mpaka wakubwa wa mchezo wakashusha tuta toka inchi 15 kuwa 10 mwaka uliofuata.

Sasa njoo kwa Pedro Martínez, mtoto wa Jamhuri ya Dominika, timu ya Boston, mwaka 2000. ERA 1.74. Kwa macho ni mbaya kuliko ya Gibson si ndio? Lakini huo ulikuwa wakati wa homurani kila kona, wastani wa ligi yake ulikuwa karibu 5, na aliyeshika nafasi ya pili nyuma yake alikuwa Roger Clemens mwenye 3.70. Soma tena hapo, wa kwanza 1.74, wa pili 3.70, katikati hakuna mtu. Kuna kipimo kinaitwa ERA+ ambacho kinarekebisha mambo ya uwanja na ligi, 100 ndo mtu wa kawaida: Gibson wa 1968 anapata 258, Greg Maddux wa 1994 anapata 271, Pedro wa 2000 anapata 291. Na huyu ni mtu mwembamba asiyefika futi 6, anawakabili majitu.

Ukitaka kumuelewa zaidi tafuta video ya mechi ya nyota (nyota wa ligi moja dhidi ya nyota wa ile nyingine) ya 1999 pale Fenway, uwanja wa Boston. Alianza na Barry Larkin, Larry Walker, Sammy Sosa, Mark McGwire, wanne hao kwa mpangilio huo na wote walirudi benchi kwa straiki. Mi pale kwa McGwire huwa narudisha nyuma, ule mpira wa juu anaupungia hewa tu.

Kwa wapigaji ni hivyohivyo. Ruth 1920 alipiga homurani 54, na hakuna timu nyingine kwenye ligi yake iliyofikisha hizo, timu nzima nasema! Ndo maana Ruth kwangu hajadiliwi, na bado sijagusia kwamba kabla ya hapo alikuwa mrushaji mzuri wa Boston.

Hatua ya 3: usiwaache nje wachezaji wa ligi za Weusi

Mpaka tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn, ligi kuu ilikuwa imewafungia Weusi mlango kwa zaidi ya miaka 60. Kwahiyo mtu akikwambia Ruth aliwakabili warushaji bora wa zama zake, mkumbushe mrushaji Satchel Paige alikuwa wapi: kwenye ligi za Weusi. Paige aliingia ligi kuu 1948 ana miaka 42, na bado akasaidia Cleveland kuchukua ubingwa mwaka huohuo.

Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi kwenye vitabu, na Josh Gibson (si yule Bob) akakaa juu kabisa kwa wastani wa kupiga, 0.372, akampita Ty Cobb. Watakwambia misimu ya kule ilikuwa mifupi, na ni kweli, jibu ni hatua ya 2: mpime na watu wa ligi yake na utaona aliwaacha mbali. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa. Hilo linaniuma kila nikipanga kikosi, kwahiyo mdakaji wangu (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira) ni yeye.

Hatua ya 4: panga tisa, afu panga zamu za kupiga

Wengi wanaishia kwenye majina tisa, ukienda mbele kupanga zamu umeshawazidi. Angalia mkono, usirundike wapigaji wa kushoto pamoja maana mpinzani atamuingiza Randy Johnson, futi 6 na inchi 10, anarusha kwa kushoto, na kwa mpigaji wa kushoto huyo ni balaa. Wa kwangu wanapishana kushoto kulia mwanzo mwisho: Barry Bonds, Willie Mays, Ruth, Josh Gibson, Ted Williams, Mike Schmidt, Lou Gehrig, Honus Wagner, Joe Morgan.

Bonds watakubishia sababu ya sakata la BALCO, maabara iliyowapa wanamichezo dawa za kuongeza nguvu. Mi namchukua wa 1993, wastani 0.336 na homurani 46, na alianzia Pittsburgh akipiga wa kwanza. Alivyoogopwa: Mei 1998, Arizona wanaongoza 8-6, iningi ya mwisho, besi zote tatu zina wakimbiaji, kocha wa Arizona Buck Showalter akampa besi ya bure makusudi, kila mkimbiaji akasogea besi moja na wa mbele akafunga, ikawa 8-7, bora apoteze pointi moja kuliko Bonds aupige ule mpira. Aliyefuata akatolewa na Arizona wakashinda.

Hatua ya 5: warushaji

Pedro wa 2000 anaanza. Nyuma yake Walter Johnson, Randy Johnson, Paige, Koufax. Wa kufunga mechi (anaingia mwishoni kulinda ushindi) ni Mariano Rivera bila kupoteza muda, ERA ya 0.70 kwenye mechi za mtoano, na karibu kila mpira aliorusha ulikuwa wa aina moja ileile.

Hatua ya 6: anayeingiza mtu ataje anayemtoa

Hii iwekeni kuwa sheria toka mwanzo. Saivi kila mtu anakuja na Shohei Ohtani, na ana haki, homurani 54 na besi 59 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe) msimu mmoja wa 2024 hakuna aliyewahi, na kurusha anarusha pia. Sawa, anaingia, ila nani anatoka? Kwangu nafasi yake ingekuwa ya Williams, yule asiyedaka anapiga tu, na Williams, ukiacha ligi za Weusi, ndo wa mwisho kumaliza msimu wa ligi kuu juu ya 0.400, alipiga 0.406 mwaka 1941 na akapoteza karibu misimu mitano akirusha ndege za jeshi. Kwahiyo Ohtani ananiingilia kwa mlango wa warushaji, namtoa Koufax, na ndo hapo wazee wa Dodgers wanaanza kunirukia.