Badilisha Mwenyewe Filta za Hewa za Gari Lako

Nimefanya ufundi wa magari hapa Dodoma kwa miaka mingi, na ipo kazi moja ambayo huona haya kumtoza mteja, nayo ni kubadilisha filta ya hewa, iwe ile ya injini au ile ya ndani ya gari. Haihitaji jeki wala shimo la gereji, na mtu asiyewahi kushika spana huimaliza kwa dakika kumi. Hata hivyo, katika gereji nyingi huandikwa kwenye bili ya sevisi pamoja na pesa ya ufundi, na mara nyingine mteja hulipia filta mpya ilhali ile ya zamani imepulizwa tu kwa kompresa na kurudishwa mahali pake.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachookolewa. Wengi huambiwa kwamba filta chafu hulifanya gari linywe mafuta, na kwa magari ya kabureta maneno hayo yana ukweli. Lakini Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipolipima suala hili mwaka 2009, iliona kwamba katika magari ya petroli yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta ulaji wa mafuta haubadiliki kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta hupima hewa inayoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Kinachopungua ni nguvu ya gari kuchanganya mwendo. Kwa hiyo unachookoa ni pesa ya ufundi na, kwa muda mrefu, injini yenyewe, maana vumbi linalopita kwenye filta iliyochanika husaga ringi za pistoni na kuta za silinda.

Unapokwenda duka la spea, nenda na filta ya zamani au namba iliyoandikwa juu yake. Kwa Toyota, namba za filta ya injini huanza na 17801 na zile za filta ya ndani ya gari huanza na 87139. Linganisha urefu, upana na kimo, kisha bonyeza mpira wa ukingoni kwa kidole gumba: uwe laini na urudi mara moja. Mimi huutazama mpira huo kuliko karatasi, kwa kuwa filta iliyopungua hata milimita chache huacha mwanya, na hewa hupenda njia rahisi.

Anza na filta ya injini. Zima injini, iache ipoe, ufungue boneti. Fuata bomba nene la plastiki linaloingia kwenye injini mpaka ufike kwenye boksi jeusi. Lifute nje kwa tambara bichi kabla ya kulifungua, la sivyo mchanga uliolala juu ya mfuniko utadondokea ndani. Fungua klipu za chuma kwa vidole, au legeza skrubu kama gari lako linazo, kisha inua mfuniko kwa upole. Juu ya mfuniko huo, au kwenye bomba linaloufuata, magari mengi yana sensa ya kupima hewa yenye waya mwembamba sana ndani yake. Usiiguse, usiipulize, wala usiuvute waya wake.

Toa filta ikiwa imelala sawa ili uchafu usimwagike, ukikumbuka upande upi ulitazama wapi. Upande mchafu utaujua kwa vumbi, majani na mabawa ya kumbikumbi. Sasa pitisha kidole upande wa pili wa boksi, ule wa kuelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, filta haikukaa vizuri au imechanika. Ukikuta oili imelowesha karatasi, filta mpya pekee haitatosha, muone fundi.

Futa boksi, usilipulize. Na ukimaliza, hesabu matambara yako: nilipokuwa mwanafunzi niliacha moja upande wa injini, na gari likawa linawaka na kuzima huku mimi nikihangaika na plagi.

Weka filta mpya, uzungushe kidole ukingoni kote kuhakikisha mpira umeingia kwenye mfereji wake. Mfuniko mara nyingi una meno upande wa nyuma. Yaingize kwanza, kisha funga klipu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa klipu za mbele hukubali kufunga hata kama nyuma pako wazi.

Filta ya ndani, inayosafisha hewa ya kiyoyozi, katika magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mbele ya abiria. Toa vitu vyote, chomoa kamba ndogo ya pembeni kama ipo, bana kuta za kisanduku kwa ndani na ukishushe. Fungua kifuniko chembamba, vuta filta, na uweke mpya ukifuata mshale wake.

Kitabu cha gari hutaja kilomita za kubadilisha, na hutaja chache zaidi kwa barabara za vumbi. Mimi hukagua kila ninapomwaga oili. Kabla ya kufunga, andika tarehe na kilomita kwa maka peni kwenye ukingo wa filta. Siku utakapolipeleka gari kwa fundi mwingine, mwandiko huo utakuonyesha kama filta uliyotozwa ni mpya au ni ile ile yako.