Mswaki wa umeme: kabla hujatoa hela, ulizia vichwa vyake

Mgonjwa akishaondolewa ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) na kusukutua damu, swali huwa hilo hilo: "Daktari, nikinunua ule mswaki wa umeme si ningeepukana na haya?" Pengine. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kwamba, baada ya miezi mitatu, waliotumia miswaki ya umeme walikuwa na ukoga (utando laini wa uchafu kwenye meno) pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, kuliko wa miswaki ya mkono. Si haba, ila si miujiza.

Hatua ya 1: Utazame mswaki ulio nao sasa.
Kama nyuzi zimelala huku na huku kabla hata ya miezi miwili, wewe unakandamiza. Fizi zako zinaweza kurudi nyuma mpaka mzizi wa jino uonekane, na mashine peke yake haitakuzuia kukandamiza. Ongeza hela upate mswaki wenye kihisi cha mgandamizo, ule unaowasha taa au kupunguza kasi ukizidisha nguvu. Kama nyuzi zimesimama vizuri na tatizo lako ni haraka tu, wa bei nafuu wenye saa ya dakika mbili unakutosha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya vichwa.
Hapa ndipo watu wanapoliwa. Kichwa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, yaani vinne kwa mwaka. Tuseme mswaki mmoja ni shilingi 40,000 na kichwa chake 15,000. Mwingine ni 120,000 na kichwa 6,000. Kila mmoja unakuja na kichwa kimoja, kwa hiyo kwa miaka mitatu utanunua 11 zaidi. Ule "rahisi" umekula 205,000, ule "ghali" 186,000.

Na je, vinapatikana? Shangazi yangu aliletewa mswaki mzuri na mwanawe kutoka Uingereza. Vichwa vyake hakuviona duka lolote mjini, akatumia kimoja mwaka mzima. Aliponionyesha, nyuzi zilikuwa zimefunguka kama ua. Mashine inanguruma, meno hayasafishwi. Kwa hiyo dukani usianze na bei ya mswaki. Sema, "Nionyeshe vichwa vyake." Muuzaji akianza kusema vitakuja wiki ijayo, aga.

Hatua ya 3: Geuza chaja usome.
Tafuta maandishi INPUT 100-240V. Ikiwa imeandikwa 110 au 120 tu, hiyo imetengenezwa kwa soko kama la Marekani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Zile za Uingereza mara nyingi zina plagi ya pini mbili za mviringo, ya soketi ya bafuni. Nunua adapta. Habari ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini ziingie, acha.

Usiogope umeme kukatika: wenye betri nzuri ya lithiamu hukaa wiki mbili hivi bila kuchajiwa. Ile ya kuwekewa betri za kawaida hupoteza nguvu taratibu, wala hutajua.

Hatua ya 4: Kataa mapambo.
Bluetooth, mitindo mitano ya kupiga mswaki, programu ya simu: hayo yote ni bei. Unaozunguka kwa kichwa kidogo cha duara au unaotetema kwa kasi, wowote ule unafaa ukiutumia vizuri. Mimi hupenda kile cha duara, kwa kuwa hufika nyuma ya gego la mwisho bila kukutapisha.

Hatua ya 5: Usisugue.
Ingiza mswaki mdomoni kwanza, kisha uwashe. Vinginevyo dawa itapaka kioo. Ulaze nyuzi za mswaki kwa pembe ya digrii 45 kuelekea fizi na uupitishe polepole, jino moja baada ya jingine, sekunde 30 kila robo ya kinywa. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi, madini ya dawa ya meno yanayolinda meno, ibaki kwenye meno.

Halafu chomoa kichwa na ufute shingo ya mashine. Usipofanya hivyo, baada ya muda utakuta pale utelezi mweusi ambao hutataka tena kuurudisha mdomoni.