SOMO: Kujikumbusha (na kukumbusha wenye deni) kwa imeili, someni kabla ya kuniuliza tena

Wiki hii pekee watu wanne wameniuliza huwa nafuatilia aje wateja wote bila daftari, so naandika mara moja na mwingine akiuliza namtumia hapa. Mimi ni wa kuprint banner na tisheti pale Kirinyaga Road na nusu ya pesa yangu iko kwa watu wa "nitumie invoisi, Ijumaa nalipa".

1. Andika imeili yako kama kawaida.

2. Ongeza anwani hii: 3days@followupthen.com. Ni ya FollowUpThen, huduma ya kukumbusha watu kwa imeili. Hakuna app ya kudownload. Ile sehemu ya mbele unabadilisha wewe: 2hours, tomorrow, everymonday. Muda ukifika, imeili inakurudia.

3. HAPA SASA FUNGUA MACHO. Pale unaweka hiyo anwani ndio kunaamua nani anakumbushwa. Ukiweka kwa To, ni wewe tu. Bcc, ni wewe tu na mteja haoni kitu. Cc, mnakumbushwa wote. Mimi nilitumia bibi harusi mmoja invoisi Jumatano nikaweka Cc nikidhani ni Bcc, Alhamisi akalipa kwa M-Pesa, nikasahau. Jumamosi saa tatu asubuhi ananipigia, blowdrya inalia nyuma yake, anauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwani ile pesa haikufika?" Siku ya harusi yake jamani. Cc ni ya mtu mmekubaliana naye. Na mtu akishalipa, ingia kwa akaunti yako ya FollowUpThen ufute hiyo reminda hapo hapo, usingoje jioni.

4. Kwa mipangilio ya hiyo akaunti weka saa za Nairobi.

MASWALI

kevo_wa_umo: sijasoma yote, nikiweka Cc mteja ataona?
Mimi: Soma namba 3.

mama_mitumba: Na kama sitaki hiyo anwani ngeni, Gmail peke yake haiwezi?
Mimi: Swali zuri mama. Inaweza. Ya kujikumbusha, bonyeza ile alama ya saa juu ya imeili, inajificha halafu inarudi siku umechagua. Ya kukumbusha mwingine, andika leo, bonyeza kamshale kando ya Send, uchague Alhamisi asubuhi. Lakini jua hiyo itaenda hata kama mtu amekujibu jana, Gmail haiangalii. Ukijibiwa, ingia Scheduled uikatize.

jaymo254: hii kitu ni ya uongo, nilischedule saa mbili ikaenda usiku wa manane mdosi akaniuliza kama silali
Mimi: Uliweka 2 AM. Saa mbili asubuhi yetu ni 8 AM. Simu haijui Kiswahili bro.

mhasibu_pipeline: Mimi hutumia kalenda kwa zile za ushuru wa KRA, PAYE (ya mishahara) tarehe 9 na VAT (ya mauzo) tarehe 20, nimeweka zirudi kila mwezi zinikumbushe siku tano mapema juu iTax, ile tovuti yao ya ushuru, ikijaa watu siku ya mwisho huwa ni kilio.
Mimi: Hii naiba. Tarehe zisizobadilika kalenda ni bora kweli.

kevo_wa_umo: kwa WhatsApp inafanya?
Mimi: Kevo. Imeili.

shiro_k: Huyo bibi harusi alirudi ama?
Mimi: Alirudi, tisheti za baby shower. Aliitisha discount nikampa bila kubishana.