Somo: Kukagua neva ya jicho kwa mgonjwa unayemshuku ana shinikizo ndani ya fuvu

Habari za kazi, wenzangu. Somo hili ni la matabibu na wauguzi wa vituo vya afya, kule ambako CT skani ni safari ya basi. Mgonjwa analalamika kichwa, chati ya kupimia macho anaisoma mpaka mstari wa mwisho, basi anarudishwa nyumbani na panado. Chati hiyo ndiyo inayotuponza.

Neva ya jicho imevikwa utando uleule unaofunika ubongo, na maji ya ubongo huifuata hadi nyuma ya jicho. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, neva inabanwa na kichwa chake, yaani diski, kinavimba. Hiyo ndiyo papiledema, na kwa kawaida hushika macho yote mawili. Mwono wa pembeni huliwa kwanza, wa katikati huachwa mwishoni. Kwa hiyo 6/6, yaani kuisoma chati vizuri, isikupe usingizi.

Hatua ya 1: Muulize kwa undani. Kichwa kinazidi alfajiri, akilala au akikohoa? Anatapika? Anasikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo? Anaona vitu viwiliviwili, hasa vya mbali? Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: akiinama au akisimama, macho yanaingia giza kwa sekunde chache kisha yanarudi? Wengi hawalitaji wenyewe, wanadhani ni njaa.

Hatua ya 2: Pima presha ya damu. Iliyopanda kupita kiasi nayo huvimbisha diski zote mbili, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Tazama diski kwa oftalmoskopu, kile kifaa cha mkononi cha kuchungulia ndani ya jicho. Kagua mboni kwa tochi kabla ya kutia dawa ya kuzipanua, kisha andika kwenye kadi saa uliyotia. Usipoandika, wa zamu ya usiku atakuta mboni kubwa na kudhani ubongo unakufa. Mwenye fahamu zilizopungua, usimtie kabisa.

Zima taa, mgonjwa akazie macho kitu cha mbali. Jicho lake la kulia litazame kwa jicho lako la kulia, la kushoto kwa la kushoto. Ukikosea hapo mtagongana pua. Ukipata mshipa wa damu, ufuate kuelekea unakonenepa, utakufikisha kwenye diski. Diski yenye afya ina ukingo unaoonekana wazi. Inapoanza kuvimba, ukungu hutangulia upande wa pua, na upande wa sikio hubaki wazi kwa muda. Baadaye mishipa inafifia inapovuka ukingo, na madoa ya damu yanaweza kutokea. Madaraja yake, 0 hadi 5, yalipangwa na Lars Frisén mwaka 1982.

Ukiona vena inadunda yenyewe katikati ya diski, huenda shinikizo kwa wakati ule halijapanda. Usipoiona, usihitimishe lolote. Wapo watu wazima wa afya wasio na mdundo huo.

Hatua ya 4: Pima mwono wa pembeni kwa vidole, jicho moja moja.

Hatua ya 5: Barua ya rufaa. Usiandike "maumivu ya kichwa" ukaishia hapo. Andika: "Diski zimevimba macho yote mawili. Naomba picha ya ubongo na ya vena zake kabla ya kutoa maji ya mgongo." Kama kuna uvimbe ubongoni, kutoa maji kunaweza kuuvuta ubongo chini. Picha ikiwa salama, maji hupimwa mgonjwa amelala ubavu. Kwa mtu mzima, zaidi ya sentimita 25 za maji ni shinikizo lililopanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo daktari. Mgonjwa wangu ana VVU, kichwa kinamuuma wiki ya pili, jicho moja limegeukia ndani, kuelekea pua. CT hatuna. Tusubiri?

Marahaba. Hapo kusubiri ndiko kunakoua. Pima antijeni ya kriptokokasi, yaani alama ya kuvu anayeshambulia ubongo, kwenye damu leo. Shirika la Afya Duniani linazuia kutoa maji ya mgongo kama damu haigandi vizuri, au kuna dalili za uvimbe ubongoni kama kupooza upande mmoja au degedege la kurudiarudia. Kupooza kwa neva ya sita, ile inayolipeleka jicho upande wa nje, ndiko kunakolivuta jicho kuelekea pua, na hakumo katika makatazo hayo. Kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, kutoa maji ni tiba: yakizidi sentimita 25, toa mpaka chini ya 20 au nusu ya ulipoanzia, na urudie kila siku dalili zikiendelea. Asetazolamaidi na manitoli, dawa za kushusha shinikizo, usimpe.

Dada yangu ana miaka 27, ni mnene, picha zote safi ila maji ya mgongo yalisoma sentimita 34. Kapewa asetazolamaidi, analalamika ganzi vidoleni na soda inaonja kama chuma. Aache?

Pole, kaka. Asiache bila daktari wake; hayo ni maudhi ya kawaida ya dawa hiyo. Tatizo lake, yaani shinikizo kupanda ndani ya fuvu bila sababu kuonekana kwenye picha, huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito mkubwa, na kupungua uzito ndiko kunakoligusa lenyewe. Muulizeni pia kama anatumia doksisaiklini ya chunusi au vidonge vya vitamini A, maana vinaweza kulichochea. Uwanja wake wa kuona upimwe kwa mashine kila anaporudi kliniki.

Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, kichwa hakiachi. Presha ya damu ni ya kawaida.

Mtazame diski leo. Kipindi hicho damu huganda kirahisi, hata kwenye vena za ubongo, na CT ya kawaida inaweza isionyeshe. Asiondoke bila rufaa.

Na mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa, diski hazijavimba?

Utosi wake bado uko wazi, hivyo fuvu linatanuka badala ya kubana. Kwa huyo chukua utepe, pima mzunguko wa kichwa na uujaze kwenye kadi ya kliniki. Ukizidi kupanda mistari, au macho yakielekea chini muda wote, mpeleke kwa wapasuaji wa ubongo.